Kamera ya boksi au iliyokwisha kutumika? Jibu kwa mwalimu wa Tanga

Swali limetoka kwa msomaji ambaye ni mwalimu wa sekondari mjini Tanga. Kwa miaka mitatu amekuwa akipiga picha kwa simu: alfajiri ngalawa na wavuvi wa ufuko wa Deep Sea, jioni maulidi, shughuli za majirani na wanawe mwenyewe, yote kwa mapenzi tu wala si kwa malipo. Amedunduliza shilingi 1,200,000. Dukani ameonyeshwa Canon EOS 4000D mpya pamoja na lenzi ya milimita 18-55, begi na stendi kwa 1,050,000. Mtu mwingine anamuuzia Nikon D5300 iliyotumika, nayo ina lenzi ya 18-55, kwa 750,000. Rafiki yake anamshawishi aachane na zote mbili achukue Canon PowerShot SX540 HS kwa 900,000, kwa hoja kwamba ina megapikseli 20 na zumu ya mara 50 itakayomfikia hata ndege aliye juu ya mti kule msitu wa Amani. Anauliza achukue ipi.

Mwalimu, nianze na jibu lenyewe kabla ya sababu zake: chukua Nikon D5300, mradi ipite ukaguzi nitakaoueleza hapa chini, na fedha zitakazobaki usizimalizie kwenye begi la kupendeza bali uzinunulie lenzi moja ndogo yenye tundu pana. Najua ushauri huu unaenda kinyume na moyo, kwa sababu unakutaka uache kitu kilichofungwa kwenye boksi ukachukue kilichokwisha kupita mikononi mwa watu, na wenyewe tunasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini katika kamera neno hilo "mpya" linahitaji kuchunguzwa vizuri.

Dukani, "mpya" maana yake ni kwamba boksi halijafunguliwa; si kwamba kilichomo ndani kilibuniwa juzi. Canon 4000D ilitoka mwaka 2018, lakini kihisi chake, yaani kile kipande cha silikoni kinachopokea mwanga mahali ambapo zamani ilikaa filamu, ni cha ukoo wa megapikseli 18 ambao Canon ilianza kuutumia katika EOS 7D ya mwaka 2009. Nikon D5300 ilitangazwa Oktoba 2013, zaidi ya miaka minne kabla ya 4000D, na hata hivyo kihisi chake cha megapikseli 24 ni cha kizazi cha baadaye. Tofauti hiyo hutaiona mchana kweupe. Utaiona siku utakapopiga ngalawa iliyolipa kisogo jua linalochomoza, tanga likatoka jeusi tii, nawe ukataka kulifungua kidogo kwenye kompyuta: faili la RAW (data ghafi ya kihisi, kabla kamera haijaibana kuwa picha ya kawaida) la D5300 litakurudishia mishono ya tanga na sura ya nahodha, ilhali la 4000D, ukilivuta kwa kiasi hicho hicho, litakurudishia pamoja navyo michirizi na chengachenga.

Sisemi kwamba Canon walimdanganya mtu. Walikusudia kutengeneza kamera ya bei ya chini kabisa, na ili bei ishuke ilibidi vitu vipunguzwe. Ishike mkononi uone. Skrini ya nyuma ina inchi 2.7 na nukta 230,000 tu, kiasi kwamba picha iliyotikisika kidogo na iliyotulia zinafanana mpaka ufike nyumbani; ya D5300 ina inchi 3.2 na nukta zaidi ya milioni moja, tena inafunguka pembeni na kuzunguka, jambo ambalo litakufaa sana unapotaka kuishusha kamera karibu na maji bila kulala kifudifudi kwenye matope ya Deep Sea. Pete ambayo lenzi inafungwa, kwenye 4000D ni ya plastiki. Kwenye D5300 ni ya chuma. Halafu tazama juu, pale panapochomekwa flashi: kwa kawaida huwa pana kitufe kikubwa cha chuma katikati, kimezungukwa na vingine vidogo. Kwenye 4000D kile cha katikati hakipo kabisa, kwa hiyo zile flashi za bei nafuu zinazotegemea kitufe hicho peke yake hazitawaka hata ukizibembeleza. Soma pia ubavuni mwa lenzi inayouzwa pamoja nayo. Kama hakuna herufi IS, basi lenzi hiyo haina kitulizi cha mtikisiko wa mikono, wakati lenzi ya 18-55 ya Nikon yenye herufi VR inacho. Begi na ile stendi ya bati jepesi vimewekwa ili kifurushi kionekane kimeshiba. Stendi ya namna hiyo, upepo wa kusi ukivuma kidogo tu pwani, inatikisika kuliko mikono yako mwenyewe.

Rafiki yako naye ana hoja, ila ameshika upande mmoja tu. Megapikseli ni hesabu ya vinukta vinavyounda picha, si kipimo cha uzuri wake. Chapa picha ya ukubwa wa karatasi ya A4 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi: unahitaji nukta 2,480 kwa 3,508, ambazo ni megapikseli 8.7 tu. Ukipanda hadi A3, karatasi mara mbili ya hiyo, zinafika 17.4. Kwa maana hiyo kamera zote tatu zinatosha kwa picha yoyote utakayotundika sebuleni, na kubishana juu ya 18, 20 na 24 ni kupoteza muda. Kinachotofautisha ni ukubwa wa kihisi ambacho nukta hizo zimepangwa juu yake. Kihisi cha SX540 kina upana wa milimita 6 na ushee kwa kimo cha 4 na nusu, sawa na ukucha wa kidole cha mwisho cha mtoto. Cha D5300 ni milimita 23.5 kwa 15.6, eneo ambalo ni takribani mara 13 ya lile. Jioni, chombo kikubwa ndicho kinachokinga mwanga mwingi, kama sufuria na kikombe vilivyowekwa uani mvua ikinyesha. Zaidi ya hayo, SX540 haina kitundu cha kuchungulia, kwa hiyo saa sita mchana ufukweni utakuwa unabahatisha kilichomo kwenye skrini inayomezwa na jua, na haihifadhi faili la RAW. Zumu yake ni ya kweli, sikatai: inafika sawa na milimita 1200 za kamera ya filamu. Kama ungeniambia kwamba kila Jumamosi unapanda Amani kutafuta ndege na mengine yote ni ziada, ningekaa nikafikiri upya. Hukuniambia hivyo. Uliniambia ngalawa za alfajiri na shughuli za jioni, na vyote viwili ni vita vya mwanga haba.

Hapo ndipo ilipo sababu ya lenzi niliyoitaja mwanzoni, na naomba uisome sehemu hii polepole kwa kuwa ndiyo itakayoamua kama utaifurahia kamera au utaifungia kabatini baada ya miezi miwili. Lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera nyingi za bei nafuu, ukiivuta hadi mwisho, tundu lake haliwezi kufunguka kupita f/5.6, na namba ya f ikiwa ndogo zaidi, tundu ni pana zaidi. Lenzi ya f/1.8 inafunguka kiasi cha kupitisha mwanga karibu mara kumi ya huo. Tuchukue ukumbi wa maulidi wenye taa mbilitatu za umeme na watu wanayumba kwa zafa. Kwa f/5.6, kamera itadai shata, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga, ikae wazi kwa takribani 1/15 ya sekunde, na katika muda huo mkono wa mpiga dufu umekwisha kupanda na kushuka. Kitulizi cha VR kitatuliza mikono yako, lakini hakiwezi kutuliza ya kwake, na utapata ukuta ulio wazi kabisa na watu walio kama moshi. Kwa f/1.8, mahali hapo hapo, kwa ISO ile ile (yaani kiwango kile kile cha kamera kuhisi mwanga), shata inakwenda 1/125 au zaidi, na mkono unasimama hewani juu ya ngozi ya dufu. Hakuna megapikseli wala programu ya kompyuta itakayokupa picha hiyo baada ya tukio. Simu yako inajaribu kufidia upungufu huu kwa kupiga picha kadhaa upesi na kuzichanganya, na kwa vitu vilivyotulia inafanya vizuri sana, nakiri. Kwa mtoto anayekimbia chini ya taa ya kibarazani, inashindwa.

Kwa hiyo tafuta lenzi inayoitwa AF-S DX Nikkor 35mm f/1.8G. Kwenye kamera hii milimita 35 zinakupa upana wa kuona unaofanana na milimita 52 za kamera ya filamu, karibu na jicho linavyotazama mtu aliyeketi mbele yako, kwa hiyo chumbani hutalazimika kurudi nyuma hadi ukutani. Ya milimita 50 ni nzuri kwa nyuso, ila ndani ya nyumba zetu inabana. Ukiipata hiyo ya 35 iliyotumika kwa shilingi laki tatu hivi, ni bei nzuri.

Hapa kuna mtego mmoja ambao wauzaji wengine hawautaji, pengine kwa kutoujua. D5300, kama ndugu zake wote wa mfululizo wa D3000 na D5000, haina mota ya fokasi, yaani ya kuirekebisha lenzi picha itoke wazi, ndani ya bodi (kamera yenyewe bila lenzi). Inategemea mota iliyomo ndani ya lenzi. Utakutana na lenzi ya Nikon iliyoandikwa AF 50mm f/1.8D kwa bei ya kuvutia, itaingia kwenye kamera yako vizuri kabisa, itapiga picha, lakini fokasi itabidi uizungushe kwa mkono kila mara. Mwanzo wa jina lazima usomeke AF-S au AF-P. Na kama ni AF-P, hakikisha programu ya ndani ya D5300 imesasishwa, kwani ya zamani haizitambui ipasavyo. Wenye Canon hawana shida hii, na ni haki kuitaja kama sifa yao: tangu mfumo wao wa lenzi wa EF ulipoanza mwaka 1987, mota iko ndani ya lenzi, kwa hiyo ile EF 50mm f/1.8 ya bei nafuu inafanya kazi kwenye bodi yoyote ya Canon EOS yenye kioo, yaani kile cha ndani kinachopeleka taswira kwenye kitundu cha kuchungulia.

Sasa ukaguzi, kwa sababu cha mtumba hakinunuliwi kwa kuangalia usafi wa nje. Kabla hata ya kukutana na muuzaji, mwombe apige picha moja ya JPEG leo na akutumie kwa WhatsApp kama dokumenti, si kama picha ya kawaida. Ikitumwa kama picha, WhatsApp inaibana na kuifuta taarifa zake. Ikitumwa kama dokumenti, taarifa zinabaki, na Nikon huandika ndani ya kila faili idadi ya mara ambazo shata imefyatuka tangu kamera itoke kiwandani. Programu ya kusomea taarifa za picha, mradi isome na zile za mtengenezaji wa kamera, itakuonyesha. Shata ya D5300 imejaribiwa kiwandani kwa mifyatuko 100,000. Ikisomeka 15,000 au 30,000, kamera bado kijana. Ikipita 70,000, si kwamba itakufa kesho, lakini bei ya 750,000 haistahili tena na una haki ya kuishusha.

Mkikutana, kutaneni mchana, mahali penye kivuli na ukuta mweupe. Weka tundu la f/16, piga huo ukuta ukiwa umeharibu fokasi kwa makusudi, kisha ikuze picha kwenye skrini: vidoa vya kijivu visivyohama kutoka picha hadi picha ni vumbi juu ya kihisi, ambalo fundi anaweza kulisafisha, lakini mstari wenye kuparuzika ni kasoro ya kudumu. Funga mfuniko wa lenzi, piga kwa sekunde kadhaa, utafute vinukta vyenye rangi kali katika giza. Viwili vitatu si neno, shada zima ni neno. Fungua mlango wa kadi ukague kama vijipini vya ndani vimenyooka. Itoe betri uilaze juu ya meza. Ikizunguka kama pia, imevimba. Kisha ivute lenzi ya 18-55 kutoka mwisho hadi mwisho, piga kila mahali, usikilize kama kuna mkwaruzo wa mchanga, kwa maana kamera iliyoishi pwani mara nyingi imekula mchanga.

Jambo la mwisho katika ukaguzi ndilo lililonigharimu mimi. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua lenzi ya 70-300 kwa muuzaji mmoja, jioni, chini ya taa ya duka, nikaitazama mbele na nyuma ikang'aa kama glasi ya Idi. Nyumbani nikamulika tochi ya simu kutoka upande wa nyuma huku nikichungulia kwa mbele, na ndani, katikati ya vioo, nikaona nyuzi nyembamba zimetambaa mfano wa utando wa buibui. Hiyo ni fangasi. Inaota kwenye unyevunyevu, inakula utando wa kinga uliopakwa juu ya kioo, na hata ikisafishwa huacha alama. Muuzaji alipokea simu yangu mara moja tu. Wewe nenda na tochi, fungua tundu la lenzi wazi kabisa, umulike kutoka pande zote mbili, na ukiona nyuzi au ukungu, mwachie mwenyewe hata akipunguza nusu ya bei. Ukiridhika, linganisha namba iliyo chini ya bodi na ile ya boksi kama lipo, na uandikishane naye risiti yenye namba hiyo, maana kamera zilizoibwa zinazunguka sana sokoni.

Huenda utaambiwa kwamba kamera za kioo zimepitwa na wakati na kwamba heri ununue isiyo na kioo. Ni kweli kwamba Canon na Nikon zote zilihamia mifumo mipya isiyo na kioo, RF ya Canon na Z ya Nikon, mwaka 2018, na nguvu zao sasa ziko huko. Kwa mtu wa bajeti yako hiyo ni habari njema, kwani wanaohama wanauza lenzi za zamani kwa bei ya kutupa, na mfumo wa F wa Nikon ulioanza mwaka 1959 umeacha lenzi nyingi mno duniani. Sony A6000 ya mwaka 2014 ingeweza kuingia katika bajeti, ni nyepesi na ina kasi, lakini betri yake inapiga picha zipatazo 360 kwa chaji moja ilhali ya D5300 inafika 600, na lenzi zake hazipatikani kwa urahisi huo. Ukikutana nayo ikiwa imetoka Japani, washa kwanza uione menyu: Sony nyingi za soko la Japani zina Kijapani pekee.

Kwenye fedha zitakazosalia baada ya bodi na lenzi, nunua kadi halisi ya GB 32, inayobeba mamia ya faili za RAW za D5300, na betri ya akiba. Usimwamini mwenye betri inayodai uwezo mara mbili ya ule wa EN-EL14a, ambao ni mAh 1,230. Karatasi ya nje haijazi chochote ndani. Kilichobaki kinunulie kontena la plastiki la jikoni linalofunga bila kupitisha hewa na pakiti za silika za kunyonya unyevu. Kwa mtu wa Tanga hiki si cha hiari. Begi la ngozi kabatini, kwa joto na unyevu wetu, ni shamba la fangasi. Ukitoka Deep Sea, pangusa bodi kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu, na usibadilishe lenzi ukiwa ufukweni penye upepo.

Ndege wa Amani hujawapoteza. Mwakani, ukijaliwa, AF-P DX 70-300 iliyotumika itakufikisha sawa na milimita 450. Ziko aina mbili, chagua yenye VR.

Na kama D5300 hiyo itashindwa ukaguzi, au itauzwa kabla hujafika, usikimbilie dukani kwa hasira. D3300 ya mwaka 2014 itakupa picha zinazokaribiana nayo sana, ila skrini yake haizunguki. D7000 ya mwaka 2010 ina megapikseli 16 tu, lakini ina mota ya fokasi ndani ya bodi, kwa hiyo ile 50mm f/1.8D ya bei ndogo itafanya kazi yote, isipokuwa lenzi za AF-P haizikubali. Upande wa Canon, tafuta 700D, ambayo iliyotoka Marekani imeandikwa Rebel T5i na iliyotoka Japani imeandikwa Kiss X7i. Ni kamera ile ile, asikuuzie mtu jina.

Ukishaipata bodi, usiharakishe kununua ile ya 35 siku hiyo hiyo. Igeuze 18-55 hadi alama ya 35, ibandike kipande cha selotepu isisogee, na upige hivyo wiki nzima, asubuhi Deep Sea na jioni nyumbani. Kama utajikuta kila mara unatamani kusogea mbele, basi ya 50 ndiyo yako. Lakini hakikisha imeandikwa AF-S.